Upepo wa baharini, upepo wa nchi kavu, jua au mvuke wa ardhini: upi unalipa, na wapi

Ukilinganisha kwa bei ya uniti peke yake, umeme wa upepo wa baharini unatoka raundi ya kwanza. Ukilinganisha kwa saa na majira unapopatikana, unarudi mchezoni, ila si kila mahali. Nchi yenye bahari ya kina kifupi, mikopo ya riba nafuu, majira ya baridi kali na ardhi finyu ina sababu nzuri ya kuuchukua. Nchi yenye jua mwaka mzima, nyika zenye upepo na mvuke chini ya miamba inapaswa kuufikiria mwisho, baada ya hivyo vingine kwisha.

Nchi ya kupimia hapa ni Uingereza. Ina mitambo ya megawati takribani 15,000 baharini, na bei za zabuni zake hutangazwa hadharani, kwa hiyo hakuna haja ya kukisia. Kenya na Tanzania zinaingia baadaye, kwa kuwa wazo la kusimika mitambo pwani ya Afrika Mashariki hujitokeza kila mara mtu anapoona picha za Bahari ya Kaskazini.

Kwanza wastani wa dunia, kwa miradi iliyowashwa mwaka 2023, kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu (IRENA):

| Chanzo | Kujenga kilowati moja | Uzalishaji halisi kwa mwaka | Gharama ya uniti |
|---|---|---|---|
| Jua | dola 758 | 16% | senti 4.4 |
| Upepo wa nchi kavu | dola 1,160 | 36% | senti 3.3 |
| Upepo wa baharini | dola 2,800 | 41% | senti 7.5 |
| Maji | dola 2,806 | 53% | senti 5.7 |
| Jotoardhi (mvuke wa ardhini) | dola 4,589 | 82% | senti 7.1 |

Safu ya uzalishaji halisi ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo yenye mambo. Kilowati 100 za paneli kwa wastani huo hutoa kwa mwaka umeme sawa na mashine ya kilowati 16 isiyozimwa usiku wala mchana. Kilowati 100 za baharini ni sawa na mashine ya kilowati 41. Kwa hiyo anayejigamba kwamba megawati yake ni rahisi aulizwe kwanza inatoa uniti ngapi. Tena huu ni wastani unaovutwa chini na China, inayojenga mingi na kwa bei ndogo; kwingineko ongeza.

Bahari inatoa nini cha ziada

Nguvu iliyomo kwenye upepo hukua kwa mchemraba wa kasi yake. Upepo wa mita 9 kwa sekunde haubebi nguvu zaidi kidogo tu kuliko wa mita 7. Unabeba zaidi ya maradufu. Juu ya maji hakuna milima, miti wala majengo ya kuuvuruga, hivyo kasi ni kubwa na mtiririko ni tulivu. Mtambo huanza kuzalisha kwenye mita 3 au 4 kwa sekunde, hufika uwezo wake wote kati ya 11 na 13, na hujizima kwenye 25 hivi ili usivunjike. Faida ya baharini ni saa nyingi zaidi ndani ya ukanda huo wa kati.

Faida ya pili ni ukubwa. Barabara na madaraja huzuia kusafirisha mapanga marefu nchi kavu, lakini meli haina kona ya kukata. Ndiyo maana shamba la kwanza la upepo wa baharini, Vindeby la Denmark la mwaka 1991, lilikuwa na mitambo 11 ya kilowati 450, ilhali Hornsea 2 la Uingereza, lililokamilika mwaka 2022, lina mitambo 165 ya megawati 8, na Dogger Bank, la Uingereza pia, linasimikwa mitambo ya megawati 13 na 14. Mtambo mmoja wa Dogger Bank unaizidi Vindeby nzima karibu mara tatu.

Fedha inakoishia

Kwenye mradi wa baharini mtambo wenyewe ni karibu theluthi tu ya gharama ya ujenzi. Zilizobaki huenda kwenye msingi, kebo, kituo cha kupozea umeme kinachosimama majini, na meli za kazi hiyo.

Msingi unaotumika zaidi ni bomba moja la chuma lenye kipenyo cha mita 7 hadi 10 na uzito unaoweza kupita tani 1,000, linalogongwa kwenye sakafu ya bahari kwa nyundo ya haidroliki. Kadiri kina kinavyoongezeka bomba linanenepa, mpaka gharama ya chuma inakataa. Hapo hutumika fremu ya miguu mitatu au minne. Seagreen, mashariki mwa Uskoti, lilifikisha miguu hiyo kwenye kina cha karibu mita 59. Zaidi ya mita 60 unaingia kwenye mitambo inayoelea, na bei inabadilika kabisa.

Kisha kebo. Mitambo huunganishwa kwa msongo wa kilovoti 66 (ya zamani 33) hadi kituo cha majini, kinachopandisha msongo, kwa kawaida hadi kilovoti 220, na kupeleka pwani. Kebo ya chini ya bahari hujichaji na kujimwaga kama betri kila mkondo geu unapogeuka, na kila kilomita inayoongezwa inakula sehemu ya nafasi ya umeme uliokusudiwa kusafirishwa. Ikipita kilomita 80 hadi 100, inakuwa nafuu kubadili kwenda mkondo mnyoofu, usiogeuka mwelekeo. Dogger Bank, lililo zaidi ya kilomita 130 kutoka nchi kavu, limefanya hivyo, na vituo vya kubadilisha mkondo kwenye ncha zote mbili si vifaa vya bei ya kawaida.

Sasa riba, ambayo kwangu ndiyo mwamuzi mkuu. Vyanzo hivi vyote havinunui mafuta, kwa hiyo karibu gharama yote hulipwa siku ya kwanza kwa fedha ya kukopa. Chukua dola 2,800 za kilowati moja ya baharini inayotoa 41%, yaani uniti kama 3,590 kwa mwaka. Mkopo wa miaka 25 kwa riba ya 5% unadai dola 199 kila mwaka: senti 5.5 kwa uniti, kabla hujamlipa fundi hata mmoja. Riba ikiwa 10%, marejesho ni dola 308, senti 8.6 kwa uniti. Iwapo upepo wako ni wa wastani na mtambo unatoa 30% tu, riba ileile ya 10% inakufikisha senti 11.7. Paneli za dola 758 chini ya jua la ikweta, zikitoa 20%, kwa riba hiyohiyo ya 10% zinadai senti 4.8. Mtaji ghali humuumiza kila mtu, ila humuumiza zaidi mwenye gharama kubwa ya kuanzia.

Kinachoharibika baharini

Matengenezo ni sehemu kubwa ya gharama ya maisha yote ya shamba la baharini, na ugumu wake ni kufika. Boti ya kawaida ya mafundi husogea kwenye ngazi ya mtambo mawimbi yakiwa chini ya mita 1.5 hivi. Januari, wakati upepo ni mkali na umeme una bei, ndipo mawimbi hukataa. Kipimo cha joto cha bei ndogo kikifa, mtambo wa megawati 8 unaweza kukaa kimya mpaka bahari itulie. Mashamba ya mbali kama Hornsea hukodi meli kubwa ambamo mafundi hulala, yenye daraja linalojisawazisha na mawimbi. Inapunguza siku za kusubiri lakini ina gharama yake ya kila siku.

Zipo hitilafu za usanifu zilizojirudia. Karibu mwaka 2009 na 2010 iligundulika kwamba kwenye mashamba mengi ya Ulaya kipande cha juu kilichounganishwa na bomba la msingi kwa zege laini kilikuwa kinateleza taratibu. Nyuso za chuma zilikuwa laini, bila matuta ya kushikilia, na kanuni za usanifu zilikadiria mshiko kupita ukweli. Siku hizi hutumika boliti, umbo la koni au matuta yaliyochomelewa. Ukisoma mkataba wa mitambo iliyotumika, angalia aina ya kiungo hiki kwanza.

Kebo nazo hula sehemu kubwa ya fidia za bima katika sekta hii. Mwaka 2021 kampuni ya Ørsted ilieleza kwamba mashamba yake hadi 10 yaliathirika: ala ya plastiki inayokinga kebo inapotoka kwenye msingi ilikuwa ikisuguliwa na mawe yaliyomwagwa kuzuia mmomonyoko. Mkondo wa maji huisogeza ala mbele na nyuma mpaka inaisha, kisha kebo. Walitenga hadi krona bilioni 3 za Denmark. Mawe yaliwekwa kuokoa msingi, yakatafuna kebo.

Mapanga hupata mateso mengine. Ncha hukimbia mita 90 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo tone la mvua hupiga kama changarawe na kubandua ukingo wa mbele. Ukiacha bila kuziba, uzalishaji hushuka. Kasoro za kiwandani zipo pia: Julai 2024 panga la mita 107 kwenye mradi wa Vineyard Wind, Marekani, lilivunjika na vipande vyake vikasambaa ufukweni Nantucket, chanzo kilikuwa gundi isiyotosha wakati wa kutengenezwa.

Mitambo inayoelea ina sifa nzuri na kasoro moja nzito. Hywind Scotland, mitambo mitano ya megawati 6 iliyoanza mwaka 2017 kwenye kina cha mita 95 hadi 120, imezalisha wastani wa karibu 54%, idadi ambayo mashamba mengi ya nchi kavu hayaioni. Lakini mwaka 2024, ilipohitaji matengenezo makubwa, mitambo yote mitano ilikatwa minyororo na kuvutwa hadi Norway, kwa sababu kreni ya kufanya kazi hiyo juu ya kitu kinachoyumba haikuwepo.

Zabuni za Uingereza zilisema nini

Hadi zabuni za mwaka 2024, Uingereza ilimwahidi mwekezaji bei maalumu kwa miaka 15. Soko likishuka anafidiwa, likipanda anarudisha. Bei ziliandikwa kwa pauni za mwaka 2012, hivyo kwa pauni za 2024 ongeza kama 40%. Mwaka 2019 upepo wa baharini ulishinda kwa pauni 39.65 kwa megawati-saa, na mwaka 2022 kwa 37.35. Watu wakatangaza kwamba mjadala umekwisha.

Halafu chuma kikapanda, riba ikapanda, na watengenezaji mitambo waliokuwa wakiuza kwa hasara wakaacha. Julai 2023 kampuni ya Vattenfall ilisimamisha mradi wa baharini wa Norfolk Boreas wa megawati 1,400 ikisema gharama zimepanda hadi 40%. Septemba mwaka huo yalitoka matokeo ya zabuni ambayo serikali iliiwekea kikomo cha pauni 44, na hakuna aliyeleta zabuni hata moja ya baharini. Kwa zabuni ya mwaka 2024 kikomo kilipandishwa na matokeo yakawa haya: jua 50.07, upepo wa nchi kavu 50.90, upepo wa baharini 58.87, mitambo inayoelea 139.93. Na bado Mei 2025 Ørsted iliachana na Hornsea 4 ya megawati 2,400.

Tofauti ya pauni tisa hivi kati ya bahari na jua ni ndogo kuliko inavyotarajiwa ukitazama jedwali la dunia. Jua la Uingereza ni dhaifu. Paneli huko hutoa kama 10% au 11% kwa mwaka, na Desemba, London ikiwa na mchana wa saa nane, hutoa kidogo mno, wakati nyumba zote zinapasha joto. Betri ya saa nne haivushi wiki mbili za mawingu. Upepo wa baharini huvuma zaidi majira hayo. Pauni tisa za ziada zinanunua umeme wa Januari, na kwa Muingereza hiyo ni biashara ya haki.

Upepo wa nchi kavu ungekuwa mshindani wa kweli, lakini kuanzia 2015 hadi Julai 2024 kanuni za mipango miji ziliufungia karibu kabisa ndani ya England. Pingamizi la wakazi wachache lilitosha kuua mradi. Sehemu ya safari ya Uingereza kwenda baharini ilikuwa kuwakimbia majirani, jambo ambalo michoro ya kihandisi haionyeshi.

Nchi kavu: nafuu, ila ardhi ina wenyewe

Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit nchini Kenya, una mitambo 365 ya kilowati 850, jumla megawati 310. Mitambo ni midogo kwa makusudi: barabara ya kutoka Laisamis, iliyobidi kukarabatiwa kilomita zaidi ya 200, isingebeba mapanga makubwa. Upepo pale unapita kwenye mkondo kati ya milima na mtambo hutoa zaidi ya nusu ya uwezo wake, kuliko mashamba mengi ya baharini Ulaya. Bei ya mkataba ni senti 7.52 za yuro.

Shida hazikuwa za mitambo. Ilikuwa tayari mwanzoni mwa 2017, lakini njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa ilikamilika Septemba 2018, na mkataba ulitaka Kenya ilipie umeme ambao haukuwa na pa kupita. Mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi zilitolewa kinyume cha utaratibu. Kinangop, mradi wa upepo wa megawati 60 nchini Kenya, haukufika hata hapo: ulifutwa mwaka 2016 baada ya mgogoro na wenyeji. Atakayeokoa fedha kwa kubaki nchi kavu atenge sehemu yake kwa ajili ya mazungumzo ya ardhi, mapema, na kwa maandishi.

Jua, maji na mvuke

Jua linasimikwa kwa miezi, halihitaji kreni kubwa, na inveta ikifa fundi anaifikia kwa pikipiki. Garissa nchini Kenya, megawati 50, ilianza kuuza mwaka 2019 kwa takriban senti 5.5 za dola. Udhaifu ni saa: mahitaji ya juu Kenya na Tanzania huja kati ya saa moja na saa nne usiku, jua limeshazama. Hapa betri ya saa nne inatosha kazi yote, tofauti na Ulaya, kwa sababu kesho jua litachomoza karibu vilevile.

Tanzania ina betri nyingine. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115, linaweza kufunga baadhi ya mitambo mchana jua likizalisha na kuachia maji jioni. Paneli za Kishapu, Shinyanga, na bwawa hilo zikiendeshwa kama kitu kimoja, uniti ya jioni inapatikana bila kununua betri. Ukame ndio adui. Upepo wa Singida au Makambako ungesaidia miezi ya kiangazi, maji yanapopungua.

Mvuke wa ardhini wa Olkaria, Kenya, ni ghali kuuanza kwa sababu kisima kikavu kinagharimu sawa na chenye mvuke. Ukishaupata unafanya kazi saa 24. Tatizo la Kenya usiku wa manane limekuwa kinyume: mahitaji yanashuka na uzalishaji unalazimika kupunguzwa. Upepo wa baharini unaovuma saa tisa usiku ungeongeza kile ambacho tayari hakina mnunuzi.

Pwani yetu

Kusi huvuma kwa nguvu kuanzia Mei hadi Septemba, kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, na katikati kuna maleleji, majuma ambayo jahazi hukaa likisubiri. Mtambo nao ungekaa. Upepo mkali wa kweli wa kusi uko mbele zaidi, pwani ya kaskazini-mashariki ya Somalia, nao ni wa miezi michache.

Kina nacho kinachagua. Kati ya Unguja na bara maji ni mafupi, msingi wa kawaida ungefika. Mkondo wa Pemba una mamia ya mita. Hapo ni kuelea tu. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya hushuka haraka baada ya mwamba wa matumbawe, isipokuwa ghuba ya Ungwana. Na matumbawe hayagongwi nyundo ya tani mia kadhaa. Ujerumani, kwa ajili ya nyangumi wadogo tu, imeweka kikomo cha kelele cha desibeli 160 umbali wa mita 750, na ili kukitimiza wajenzi huzungushia msingi pazia la viputo vya hewa.

Kikwazo kikubwa zaidi ni ukubwa wa mradi. Meli ya kusimika, ile inayoshusha miguu na kujiinua juu ya maji, haipo ukanda huu. Ingetoka Ulaya au Asia, na kodi yake huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya dola kwa siku, safari ikiwemo. Gharama ya safari ni ileile usimike mitambo 5 au 100. Hornsea 1 ina megawati 1,218. Unguja inalishwa na kebo ya megawati 100 ya mwaka 2013 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Kisiwa hakiwezi kumeza shamba la ukubwa unaolipa, na shamba dogo halilipi.

Zanzibar tayari inajua kebo ya baharini inavyokata: giza la karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha la miezi mitatu kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kwa visiwa, fedha ile ile ingefanya kazi zaidi kwenye paneli, betri na kebo ya pili ya akiba.

Mtu akileta pendekezo la baharini hata hivyo, adaiwe mambo manne kabla ya kikao cha pili: ramani ya kina yenye vipimo vya udongo wa chini, miezi 12 ya upepo uliopimwa kwa boya lenye leza (ramani za setilaiti hazitoshi benki), gati inayoweza kubeba nguzo zilizosimama wima, na kifungu kinachosema nani analipa mitambo ikiwa tayari na njia ya umeme haijafika. Kifungu hicho kisainiwe na mjenzi wa njia ya umeme pia, si na mnunuzi peke yake.